Santokben Kati ya Reli na Mundu

Wifi yangu Santokben, yaani dada Santok, akinadi biringanya mwanzo wa mtaa, watu wa mwisho wa mtaa huweka vikombe vya chai chini. Si kwamba anapiga kelele. Wapiga kelele hapa Bhavnagar tunao wa kutosha, hata wa kuuza nje. Sauti ya Santok inapanda, inazunguka nguzo za umeme, inapenya dirishani hata kama umefunga, na kabla hujajiuliza unafanya nini umeshasimama mlangoni na kikapu mkononi, unanunua mumunye ambalo hukulihitaji. Na kila mwaka zikifika siku tisa za sikukuu ya Navratri, wanawake wa mtaa wetu wakicheza duara, anayeongoza nyimbo ni yeye. Mitaa mingine hukodi spika na vijana wa bendi. Sisi tuna Santok.

Mumewe ni kaka yangu, Popat. Kwa lugha yetu popat ni kasuku, na kasuku huyo, tangu tukiwa watoto, sijapata kumsikia akisema maneno matano mfululizo. Anasukuma mkokoteni, anapima mboga, anafunga. Maneno ni idara ya mkewe. Mimi naitwa Rambha, nakaa nyumba ya pili yake, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, na kazi yangu kubwa katika ndoa yao ni kumtania Santok naye anitanie, kama mawifi wanavyotakiwa.

Maumivu yalimwanzia Jumapili asubuhi. Tulikuwa tunakula gathiya, zile tambi nene za unga wa dengu, pamoja na pilipili za kukaanga. Santok alimaliza zake, akavamia zangu, kisha ghafla akashika ubavu wa kulia akajikunja kama mkeka.

"Hiyo ni dua ya gathiya zangu," nikamwambia.

"Rambha, nakufa."

"Ukifa nani atanilipia gathiya?"

Lakini jasho lilikuwa linamtoka kweli, nikaacha mzaha, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Wakampitishia kile kipimo cha kupaka mafuta tumboni. Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa mawe. Daktari wa upasuaji alituonyesha kwenye picha, na Santok, maumivu yakiwa yametulizwa kwa sindano, akaanza kujivuna. "Ona, wifi. Wengine wana nyongo tupu. Mimi hata nyongo yangu imefungua duka."

Walimwambia mfuko utatolewa kwa vitundu vidogo, si kupasuliwa tumbo lote, na siku ikapangwa: mwezi mmoja kabla ya Navratri. Akakubali. Akakubali vizuri sana, mpaka nesi aliposema kwamba wakati wa nusu kaputi mgonjwa hupitishiwa mrija wa kupumulia kooni.

Santok akainuka, akatafuta kandambili zake.

"Unakwenda wapi, mama?" nesi akauliza.

"Nyumbani, na mawe yangu. Hili koo unaliona? Hili halipitishi hata wali wa jana, sembuse bomba. Mke wa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma walimtia bomba, mwezi mzima alikuwa anaongea kama chura aliyemeza kokoto. Na yule alikuwa haimbi!"

Nesi akamshika mkono, akatupeleka mlango wa tatu, kwa daktari wa usingizi. Nilitegemea mzee mwenye miwani. Tulimkuta binti mwembamba, soksi moja ya njano na nyingine ya bluu, anakula kipande cha tikiti huku anasoma. Dokta Kinnari Vasavada. Santok akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye utakayenilaza? Mwanangu, wewe mwenyewe unaonekana hujalala."

"Ni kweli, mama," Dokta Kinnari akacheka. "Ndiyo maana nawalaza wenzangu, angalau mmoja wetu apumzike. Hebu fungua mdomo."

Santok akafungua. Daktari akapima upana kwa vidole vitatu, vikaingia bila shida. Akamwambia atoe ulimi, aseme "aaa." Hapo alikosea. Ukimwambia Santokben aseme "aaa," hasemi, anaimba. Iliyotoka pale ilitikisa vichupa kwenye trei, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akakaa akidhani ni saa ya chai.

Dokta Kinnari alisahau kumwambia afunge mdomo. Kisha akasema polepole, "Nimeelewa kwa nini hutaki bomba."

Na hapo akafanya jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kututendea: akavuta kiti, akakaa, akatuonyesha vifaa vyenyewe. Zamani, alisema, daktari alikuwa anasukuma ulimi pembeni kwa chuma na kuchungulia kooni kwa macho yake, kama mtu anayetafuta sarafu iliyoangukia mtaroni. Siku hizi kuna vifaa vyenye kamera nchani na skrini ndogo juu, unaona njia yote mpaka kwenye nyuzi za sauti. Yeye na wenzake walikuwa wanalinganisha viwili. Kimoja kilikuwa na mfereji ubavuni, mrija unalazwa humo na kuteleza mpaka mlangoni mwa njia ya hewa. Cha pili hakikuwa na mfereji. Kilipinda sana, kinazunguka ulimi bila kuuvuta, na mrija unaongozwa kwa mkono huku ukiangalia skrini.

"Hiki ni reli," Santok akasema, akigusa cha kwanza. Akashika cha pili. "Na hiki ni mundu."

"Majina yako ni mazuri kuliko yetu," daktari akasema. "Vyote viwili tunavitumia kila siku. Tunachotaka kujua ni kipi kinapitisha mrija haraka, na kipi kinamwachia mgonjwa koo zima, kwa watu wanaokuja kwa upasuaji wa kupangwa kama wewe. Ukikubali, utakuwa mmoja wao. Ukikataa, nitakuhudumia vilevile."

"Nikikubali, nachagua?"

"Hapana. Kompyuta inapiga kura. Na hutaambiwa ni kipi mpaka utafiti uishe, usije ukasema koo linauma kwa sababu tu hukukipenda."

Santok akafikiri. "Kwa hiyo ni bahati nasibu, na zawadi ni koo langu."

"Koo lako si zawadi, mama. Ni koo la mtu. Nitaliingia kwa adabu."

Sijui ni lile neno adabu au ni zile soksi, lakini Santok akazivua kandambili, akakaa. Akasema, "Andika. Lakini mwanangu, ukinitoboa wimbo nitakuja kukaa mlangoni kwako nikohoe kila asubuhi."

Sasa, kosa lilikuwa kumwambia Karsanbhai. Karsanbhai ni jirani yetu, mstaafu wa karakana ya reli, mtu mwenye tumbo la heshima na maoni juu ya kila kitu. Aliposikia kuna kifaa kinaitwa reli, ilikuwa kama amesikia mwanawe amefaulu mtihani.

"Hakuna mjadala!" akasema. "Kitu kikiwa kwenye reli hakipotei. Mundu? Mundu ni wa kukatia nyasi! Utamwingia mama wa watu kooni kwa mundu?"

Wake wa wakulima wanaoleta mboga wakachukia. Mundu umewalisha tangu enzi za mababu, na treni ndiyo inayochelewa kila siku. Kufika jioni mtaa ulikuwa umegawanyika vyama viwili. Watu ambao hawakujua koromeo liko mbele au nyuma walikuwa wanabishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Ikaamuliwa kwamba chama kitakachoshindwa kitakaangia kingine jalebi, zile pete za unga zinazochovywa kwenye shira ya sukari.

Karsanbhai akaleta ushahidi. Akachukua mtungi wa maji wenye shingo nyembamba, akasema hili ndilo koo la Santok. Akachukua kipande cha bomba la mvua, akasema hii ndiyo reli. Akapitisha mpira wa kumwagilia maua, ukateleza ndani. Wapenzi wa Reli wakapiga makofi. Upande wa pili mama mmoja akapinda upawa wa chuma, akautia mtungini pamoja na mpira mwingine, na kwa kuwa alikuwa anatazama watu badala ya mtungi, upawa ukakwama. Wakavuta. Wakavuta wawili. Karsanbhai akashika mtungi, mama akashika upawa, mtungi ukapasuka, maji yakamwagikia wazee wa karata, na Santok, mwenye koo, aliyekuwa kibarazani ameshika ubavu wake, akapiga ukelele: "Nimekufa mimi! Mmeniua kabla ya daktari!"

Tulicheka mpaka baadhi yetu tukaenda kubadilisha nguo.

Siku ya upasuaji tulikwenda watatu: Santok, Popat na mimi. Karsanbhai hakualikwa, tukamkuta ametangulia. Santok alikuwa amefunga tangu jana yake, na njaa ilimfanya mchokozi zaidi. Walipomlaza kwenye kitanda cha magurudumu, kaka yangu Popat alisimama pembeni, akamshika kidole kimoja cha mguu, kidole kimoja tu, akakaa nacho mpaka nesi alipomwomba akiachie.

Ya ndani nilisimuliwa na nesi huyo. Alisema Santok aliingia chumba cha upasuaji akawasalimia wote kama wageni wa harusini. Dokta Kinnari akamwekea kinyago cha hewa, akamwambia avute pumzi ndefu. Santok akakisogeza kinyago kidogo, akasema, "Subirini. Mwambieni wifi yangu Rambha kwamba…" Na dawa ikamchukua hapohapo.

Daktari akatazama skrini, mrija ukapita, kazi ikaanza. Mawe yakatolewa pamoja na mfuko wake. Alipozinduka, kabla hajajua yuko wapi, nesi anaapa kwamba midomo ilicheza na neno la kwanza likawa: "…funguo za kabati ninazo mimi, asihangaike."

Nesi aliangua kicheko mpaka akaegemea ukuta. Lakini alikuja kwetu uso umebadilika kidogo, na tulipoingia wodini nikaelewa. Sauti iliyotoka kwa Santok haikuwa yake. Ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa ghala.

Yeye mwenyewe akaisikia. Akanitazama, akashika koo. Hamu ya kucheka ikatuisha wote.

Dokta Kinnari akaja mbio, soksi siku hiyo zimefanana, jambo lililonitia hofu zaidi. Akamsikiliza, akamulika koo, akasema, "Mama, nyuzi zako niliziona, nzima, nzuri, nyeupe. Mkwaruzo huu hutokea kwa wengine na huondoka baada ya siku chache. Lakini usiimbe, usipige kelele, usinong'one pia, kunong'ona kunalichosha koo vilevile. Nyamaza tu."

Kumwambia Santokben anyamaze! Ni kama kuiambia Jumatatu isije. Lakini alinyamaza. Daktari mwingine, asiyejua kifaa kipi kilitumika, alikuja kumuuliza kama koo linauma, kidogo au sana, akajibu kwa vidole. Kule nje Karsanbhai alimvizia nesi kwenye korido.

"Dada, niambie tu kwa jicho. Treni imepita?"

"Mzee, ukiniuliza tena nakutia wewe bomba, tena la maji."

Tukarudi nyumbani. Mtaa wote ulishusha sauti kama kuna msiba. Hata wale wa jalebi hawakubishana tena. Mimi nilikuwa naingia kwake kila saa moja kumchokoza ili anitukane, naye ananitukana kwa mikono. Alikuwa mbunifu, sikatai. Lakini usiku nilipolala nilisikia kupitia ukuta kimya ambacho sikukizoea, na sikukipenda.

Siku ya tatu asubuhi kulikuwa na bamia gunia zima na biringanya vikapu viwili, vyote vilivyoagizwa kabla ya upasuaji. Santok haruhusiwi kubeba wala kunadi. Popat akazitazama bamia, bamia zikamtazama. Akazipanga kwenye mkokoteni, akatoka.

Akasukuma kimya kimya toka mwanzo wa mtaa hadi nyumba ya kumi. Hakuna aliyetoka. Mama mmoja alimtolea ndoo ya taka, akidhani ni mkokoteni wa manispaa. Santok alikuwa kibarazani, ameegemea mto, macho yamemtoka. Akapiga makofi kwa hasira, akaonyesha mdomo wake, akamwonyesha mumewe: Fungua! Fungua hicho!

Popat akasimama katikati ya njia. Akakohoa. Akasema:

"Bamia."

Alilisema kama mtu anayetoa taarifa polisi. Dirisha moja likafunguka.

"Umesemaje, Popatbhai?"

"Bamia."

"Bamia za namna gani?"

Akafikiri sana. "Za kijani."

Vicheko vikaanza. Madirisha mawili, matatu, kumi. Watoto wakatoka. Mimi nikaona masikio ya kaka yangu yamekuwa mekundu, nikajua sasa ataacha mkokoteni akimbie. Badala yake, sijui shetani gani alimpanda, akavua kofia, akainua shingo, na sauti ikamtoka ambayo sijui alikuwa ameificha wapi kwa miaka yote hiyo, sauti nene ya kengele ya hekalu:

"Bamiaaa! Laini kama vidole vya bibi harusi! Biringanyaaa! Mviringo kama tumbo la Karsanbhai! Njooni mguse biringanya, tumbo haligusiki!"

Mtaa ukalipuka. Wanawake walitoka na unga mikononi. Karsanbhai alitoka na fulana, tumbo mbele, kushtaki, na alipoonekana karibu na zile biringanya ulinganifu ukawa dhahiri kwa kila mtu. Watu walikaa chini. Popat akaona amepatia, akaendelea: akasifu kitunguu kinachomliza mama mkwe bila kosa, akatangaza mumunye refu kuliko hotuba ya diwani. Bamia zikawa zinagombewa. Mtu alinunua mara mbili ili tu aendelee kusimama pale.

Na kibarazani Santok alikuwa amekumbatia mto tumboni, anatikisika, machozi yanamtoka, anarusha miguu. Akajizuia, akajizuia, kisha ikamshinda:

"Mzuieni huyo mtu! Rambhaaa! Mzuie kaka yako, mishono inafumuka!"

Mtaa mzima ukageukia kibarazani. Popat akageuka, bamia mkononi.

Sauti ilikuwa ni yenyewe. Imepanda, imezunguka nguzo ya umeme, imerudi. Nyembamba kidogo pembeni, lakini ni yenyewe. Santok akajishika koo kwa mikono miwili kama mtu aliyemkamata kuku wake aliyepotea. Akajaribu tena, polepole: "Popat?"

"Naam," akasema kaka yangu, na mbele ya watu wote, mbele ya wakwe na watani, akalia kama mtoto, bamia bado mkononi. Mimi sikulia. Niliingiwa na unga wa watu machoni.

Nikampigia simu Dokta Kinnari. Alisema ni vizuri, lakini asikazane kwa wiki moja. Kisha nikasikia kupitia simu anapiga kelele kumwambia mtu mwingine, "Ameita! Mama wa mboga ameita!"

Navratri ilipofika, Santok aliongoza. Usiku wa kwanza aliimba nyimbo chache, akiweka mkono ubavuni. Kufikia usiku wa nne alikuwa anatuzungusha mpaka kina mama wanaomba huruma. Daktari alikuja amevaa sketi iliyoshonewa vipande vya vioo, akacheza vibaya sana, akizunguka kulia wakati sisi sote tunazunguka kushoto, na kila walipokutana na Karsanbhai kwenye duara, mzee alimtupia swali: "Reli au Mundu?" Naye alijibu kwa kupiga kijiti chake cha kuchezea kwa nguvu zaidi.

Daktari alikuja kutupa jibu baridi ilipokwisha, utafiti ulipofungwa na hesabu kukamilika. Tulimkalisha kibarazani, tukampa chai, mtaa wote ukajipanga mpaka njiani.

"Mama Santok," akasema, "wewe ulipitishwa kwa Mundu."

Upande mmoja ukaruka hewani. Wanawake wakakumbatiana. Karsanbhai akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyefukuzwa kazi.

"Lakini," daktari akaendelea, "tukijumlisha wagonjwa wote, Reli ilikuwa ya haraka zaidi."

Karsanbhai akafufuka. Akapiga honi ya treni kwa mdomo.

"Kwa Mundu njia tuliiona vizuri sana. Ila mara nyingine unaona mlango na ufunguo hauingii, unauzungusha zungusha. Kwa Reli ukishapanga sawasawa, mrija unakwenda wenyewe. Na koo kuuma baadaye, hakuna tofauti ya maana. Vyote vilikuwa salama."

Vyama viwili vikatazamana.

"Kwa hiyo nani ameshindwa?" Santok akauliza.

"Hakuna aliyeshindwa."

"Haiwezekani, mwanangu. Sukari imeshanunuliwa."

Ikabidi vyama vyote viwili vikaangiane jalebi. Dokta Kinnari alikula saba, akaondoka ameshika kiuno. Santok alikula moja na kunitazama kwa jeuri ya mtu asiye na mawe tena. Popat siku hizi ana mkokoteni wake mwenyewe. Yeye ananadi upande wa magharibi, mkewe mashariki, na wakikutana katikati wanatukanana kwa mashairi mpaka trafiki inasimama.

Kilichotokea juzi ni cha Karsanbhai. Amekutwa na ngiri. Alifurahi! Alikwenda kwa Dokta Kinnari amechana nywele, akafungua mdomo kabla hajaambiwa, akasema, "Binti, bila kura. Nipe Reli."

Daktari akamwambia kwamba kwa ngiri yake atachomwa sindano mgongoni, miguu itakufa ganzi, na atabaki macho. Hakuna mrija.

"Mgongoni?" mzee akasema. "Sipiti kwenye Reli?"

"Hupiti popote, Karsanbhai. Utalala pale unatuangalia."

Aliingia chumba cha upasuaji kwa huzuni. Lakini kwa kuwa yuko macho na mdomo wake uko huru, alianza kuwasimulia historia ya karakana ya reli tangu enzi za injini za makaa, behewa kwa behewa, huku daktari wa upasuaji anamshona. Nesi anasema walipofika kwenye breki za mvuke, daktari wa upasuaji aliinua kichwa, akamtazama Dokta Kinnari kwa macho ya mtu anayezama, akasema, "Dada, tafadhali. Ile Reli yako iko wapi?"